Mwalimu Breki na Safari ya Korongoni

Mume wangu hana rafiki hata mmoja aliyefaulu kwake mara ya kwanza. Ni mwalimu wa udereva na shule ni yetu wenyewe: darasa moja, meza yangu ya kuandikishia wanafunzi, uwanja wa mazoezi wenye koni za plastiki zilizogongwa mpaka zikapinda shingo, na gari dogo jeupe lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Kwa ajili ya hiyo ya pili wanafunzi wamembandika jina la Mwalimu Breki. Analijua, na kusema kweli analipenda. Asiporidhika yeye, hupelekwi kwenye mtihani wa leseni, na kumridhisha si kazi ndogo. Amemfelisha hakimu. Amemfelisha daktari wa meno ambaye wiki iliyofuata alikuwa amtoe jino, na jino lile, kwa maelezo yake mwenyewe, lilikuwa na mizizi mirefu kuliko mengine yote kinywani.

Na mimi amenifelisha. Mke wa mwalimu wa udereva, mwandikishaji wa madereva, naenda sokoni kwa basi. Kosa langu, anasema, ni kwamba nikishashika usukani siuachi. Kubadili gia kunataka mkono mmoja utoke, na wangu hautoki. "Unang'ang'ania kama umekamata mwizi," aliniambia mbele ya darasa zima, na jioni ile alikula mkate mkavu. Sijamsamehe wala sina haraka.

Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyejipa kazi ya kumpimia binti yetu mchumba.

Binti ndiye mtoto wetu pekee. Ana duka lake la miwani, ana akili zake timamu, na wachumba amewahi kuwaleta. Wa kwanza alikuwa mhasibu mwenye viatu vya kung'aa. Mume wangu hakumuuliza ukoo wala kazi. Alimpa ufunguo wa gari, akakaa kiti cha kushoto chenye breki yake, wakaingia mjini, na walipofika kwenye ile barabara yenye kibao chekundu cha kukataza kuingia, akamwambia, "Kata hapa." Kijana akakata. Basi lilikuwa linakuja. Mume wangu alikanyaga breki, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Wa pili, daktari wa mifugo, kibao alikiona. "Mzee, hapa hairuhusiwi," akasema. "Nimesema kata," akasema mume wangu. Na yeye akakata.

"Mtu anayenitii mimi kuliko kibao," mume wangu aliniambia akivua soksi, "siku moja ataniulia mwanangu kwa sababu ya adabu."

Kilichoniudhi ni kwamba hakukosea.

Halafu akaja wa tatu. Huyu kazi yake ni kuwapitisha watu korongoni. Nje ya mji wetu mto unaingia katikati ya majabali na kuzama humo, na watu wenye nguvu wasio na nguo za kufua huingia nao asubuhi kwa juu, wakatembea majini, wakaogelea, na palipo na maporomoko wakashuka kwa kamba, mpaka alasiri wanapotokea ng'ambo ya mlima wamelowa chapachapa na wanacheka. Binti alikwenda mara moja na rafiki zake. Akaenda tena. Alipokwenda safari nyingine huku anapiga chafya, nikajua si maji anayoyafuata.

Nyumbani tulimwita Bwana Kamba, kwa sababu mume wangu hatamki jina la mtu ambaye hajafaulu.

Siku moja binti alinifuata jikoni nikisugua sufuria. "Mama," akasema, "huyu ndiye wa mwisho kumleta hapa. Baba akimkataa, nitaolewa bila yeye."

Hakupandisha sauti. Heri angefoka, maana anayefoka hupoa. Lakini huyu ni baba yake mtupu, akishasema amesema. Nikaiona siku yenyewe: binti yangu amependeza, kiti cha baba kitupu, na baba mwenyewe yuko uwanjani anapanga koni ambazo hakuna aliyezivuruga. Hawa wawili ndio nyumba yangu yote. Nikajiapiza kwamba kiti hicho kitakaliwa, hata kama itabidi nimfunge juu yake.

Mume wangu naye alikuwa na mpango wake. "Huyu nikimweka kwenye gari nitampima nini?" aliniuliza. "Mtu hupimwa kwenye kazi yake. Atupeleke korongoni siku moja, familia nzima, tukashuke hizo kamba zake." Kisha akanong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu. "Siku ya mazoezi nitakataa kuvaa kofia ngumu. Nitamwambia mimi ni mkubwa, aniache hivi hivi. Akiniacha, kwaheri."

Nilitamani kumdokeza kijana. Ulimi uliniwasha mpaka nikawa nakula kimya kimya, jambo lililowatisha wote. Lakini aliyedokezwa jibu hajafaulu, hata mimi niliyefeli najua hivyo.

Mkutano wa kupanga safari tuliufanya darasani kwetu Jumapili, chini ya picha za alama za barabarani. Wifi yangu alikuja. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mpishi wa hospitali, na penye mkutano wowote haulizi kama amealikwa, anauliza nani kachemsha chai. Bwana Kamba alifika mapema, kijana mwembamba, mtaratibu, viganja vigumu kama soli. Akatuamkia wote kwa heshima, akaombwa atueleze korongo lilivyo. Kwa kuwa ubao wetu una mchoro wa mzunguko wa barabara usiofutika, ilibidi alichore korongo juu ya mzunguko.

"Huku juu ndiko tunakoingilia," akasema, akibandika kigari cha sumaku, maana watu wa sumaku hatuna. "Mporomoko wa kwanza uko hapo hapo tunapoanzia, nao ni mfupi. Wa pili una maji mengi. Wa tatu una urefu wa jengo la ghorofa tatu."

"Pamoja na paa?" akauliza wifi.

"Bila paa, shangazi."

Mume wangu alikuwa amekaa nyuma kabisa, mikono kifuani, kama anavyokaa wakati wa mitihani. "Kwenye mporomoko," akauliza, "nani ana haki ya kutangulia?"

"Maji, mzee."

Mume wangu aliutazama ubao kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. Nikajua jibu limemwingia ila hatalikubali.

"Na mvua?"

"Ikinyesha mlimani hatuingii, hata kama huku mnaanika nguo."

"Watu umeshawafikisha, wamejiandaa, wanataka kuingia."

"Tunarudi."

"Wakilalamika?"

"Watalalamika vizuri tu, mzee, tukiwa njiani tunarudi."

Binti akainamisha uso kuficha kicheko. Mimi nikamimina chai. Bwana Kamba akaendelea kueleza kwamba binti, kwa kuwa ameshajifunza, ndiye atakayetangulia kushuka, na akifika chini ataishika kamba ili anayemfuata akiteleza aivute na kumsimamisha.

"Kwa hiyo breki anayo yeye," akasema mume wangu.

"Breki ya kwanza ni mkono wako mwenyewe wa kulia, mzee. Unaishika kamba hapa, nyuma ya nyonga. Ukibana unasimama, ukilegeza unashuka. Mkono huu hautoki kwenye kamba kwa sababu yoyote, hata nyuki akikuuma puani."

Wifi alikuwa na mambo yake. Alitaka kubeba sufuria la mayai ya kuchemsha, mwavuli, gauni la kubadilisha kwa ajili ya picha, na vyote hivyo kwenye begi lake la magurudumu.

"Shangazi, korongoni hakuna pa kuburuta magurudumu," akasema Bwana Kamba.

"Hata pembeni?"

"Pembeni ni mwamba."

"Na kwenye kamba tunashuka mmoja mmoja au kifamilia?"

"Mmoja mmoja."

"Basi safari yenyewe haina hata maongezi," akasema wifi, akaamua pale pale kwamba yeye atakaa kwenye gari.

Ndipo likazuka suala la gari. Aliyeingilia juu ya korongo hatokei alipoingilia. Anatokea chini, ng'ambo ya mlima, na barabara ya kuzunguka ni ndefu na mbovu, kwa hiyo lazima awepo dereva wa kutuacha juu kisha azunguke akatusubiri chini. Macho yote yakamgeukia mume wangu. "Mimi msinihesabu," akasema haraka, "mimi niko kwenye kamba." Tukakubaliana kwamba safari iwe Jumamosi inayofuata, na kwamba jirani yetu mwenye pikapu ndiye atakayetusaidia.

Mazoezi yalifanyika kwenye jengo ambalo halijaisha, nyuma ya uwanja wetu, ambalo mwenyewe amemruhusu Bwana Kamba kutumia ukuta wake. Tulipanda mpaka juu ya ghorofa ya kwanza, mimi nikiwa ndani ya suruali ya binti yangu na dua kwamba isichanike. Kijana alitufunga mikanda ya kiunoni na mapajani, na mbele ya kitovu akatuning'inizia chuma chenye umbo la nane ambacho kamba hupitia. Kwa kuwa ni mazoezi, kila anayeshuka alifungwa pia kamba ya pili ya akiba, ambayo kijana aliishika mwenyewe kule juu.

Mume wangu akakohoa. Nilikijua kikohozi kile, ndicho kilichomtangulia mtu wa viatu vya kung'aa.

"Kofia hizi hazinikai," akasema. "Mtu mkubwa kama mimi, niache nishuke hivi hivi."

Binti akanitazama. Mimi nikatazama mawingu.

"Sawa, mzee," akasema Bwana Kamba, na moyo wangu ukaanguka mpaka kwenye ile suruali ya kuazima. "Basi utatushikia mabegi. Mama, njoo wewe."

Hakukasirika wala hakubembeleza. Alikuwa ameshanigeukia mimi. Mume wangu alitabasamu kwa meno yote yaliyobaki, akaichukua kofia, akaivaa, akaifunga, na alipopita karibu yangu akanikonyeza. Kijana amefaulu. Kidogo nicheze pale pale juu. Nikaanza hata kufikiria rangi ya gauni langu la harusi, na kwamba wifi asijue mapema, ataiga.

Ningejua ningesubiri kwanza.

Binti alishuka kwanza, kisha mume wangu akaichukua zamu yangu. Alianza vizuri, mkono wa kulia nyuma ya nyonga, miguu ukutani. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyagakanyaga ukuta kila mara, nikajua unatafuta breki ya mwalimu, lakini hilo halikumdhuru mtu. Alipofika katikati kiatu kikateleza. Hapo nikaona kwa macho yangu jambo ambalo haliwezi kumtokea mtu mwingine yeyote. Mkono wake wa kulia uliiacha kamba, ukaenda pembeni, ukateremka kidogo, ukashika hewa, na kuivuta juu kwa nguvu zote. Alikuwa anavuta breki ya mkono.

Kwenye gari letu breki ya mkono iko kati ya viti viwili, kuliani kwa mwalimu. Maisha yake yote ya kazi, mwanafunzi akichanganyikiwa, ni mkono ule uliookoa koni, mbuzi, waenda kwa miguu na uzio wa jirani. Sasa ulikuwa umekunja ngumi hewani, na mwenyewe ananing'inia kwenye kamba ya akiba, anazunguka polepole kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba ya kuanikia. Binti alicheka huko chini mpaka akakaa. Wifi, aliyekuja kutazama, alicheka na yai mdomoni.

"Turudie, mzee," akasema Bwana Kamba. Yeye hakucheka.

Wakarudia. Kijana alimkumbusha kabla hajashuka, na mume wangu akaapa. Alipofika katikati kijana aliitikisa kamba kidogo makusudi, na mkono ukaenda zake kwenye breki. Wakarudia tena, na mkono ukaenda tena. Kicheko kilikwisha chenyewe. Mume wangu aliutazama mkono ule kama umekuja na mtu mwingine.

Zamu yangu ikafika. Niliteleza, nikagonga goti, nikawataja wote niliowajua, walio hai na waliokufa, lakini kamba sikuiachia. Kijana akaitikisa. Sikuiachia. Akaitikisa kwa nguvu zaidi, nikamtukana, na sikuiachia. Nilipofika chini ilibidi binti anibandue vidole kimoja kimoja.

"Mama, wewe hata nikikuomba uachie huachii," akasema Bwana Kamba aliposhuka, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. Kisha kicheko kikamtoka usoni. Alivua kofia yake, akamfuata mume wangu pale alipokuwa amekaa juu ya tofali.

"Mzee," akasema, "siwezi kukupeleka."

"Kunipeleka wapi?"

"Korongoni. Mkono wako unaachia kamba."

"Nitaufundisha."

"Utaufundisha, lakini si kwa Jumamosi hii. Mzee, mkono huo una tabia hiyo tangu mimi sijazaliwa, na umewaokoa wengi. Kule kwenye maji utakuua wewe."

"Na mke wangu?"

"Mama anakwenda."

"Huyu hawezi hata kuendesha gari."

"Kamba haina gia, mzee."

Mungu anisamehe, nilifurahi kwa muda wa kupepesa jicho. Halafu nikamwona mume wangu usoni. Tangu nimjue hakuna aliyewahi kumfelisha, sembuse mbele ya mkewe, dada yake na binti yake. Alijifungua mikanda, ikamshinda, akajaribu tena, akamgeukia binti. "Mtu wako hana adabu," akasema, akaondoka huku mkanda mmoja ukiburuzika nyuma yake.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," wifi akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Binti alikuwa amegeuka rangi. "Ungempitisha tu," akamwambia kijana. "Ungemshusha na kamba mbili, kama gunia."

"Kwenye ukuta mkavu ningemshusha. Akiachia kamba akiwa chini ya maji yanayoanguka, akabaki ananing'inia humo..." Hakumaliza. "Nakutaka wewe. Baba yako akinichukia sina la kufanya. Lakini siwezi kukuoa kwa kumzamisha."

Binti alinitazama mimi, na yale maneno ya jikoni yakasomeka yote machoni mwake.

Mume wangu nilimkuta uwanjani, ndani ya gari, kwenye kiti chake cha kushoto. Nikafungua mlango wa dereva nikakaa. Hakuniambia nishuke, nikajua mambo ni mazito.

"Angeniita pembeni," akasema.

"Mimi uliniita pembeni?"

Akarekebisha kioo cha pembeni ambacho hakikuwa na kosa.

"Wawili umewakataa kwa sababu walikuogopa wewe kuliko kibao," nikasema, na hasira yangu ilikuwa imeshapata moto, sikuweza kuizima. "Huyu wa tatu ana kila sababu ya kukuogopa. Anachokitaka duniani kimo mikononi mwako, na bado amekwambia hapana. Leo kibao kimekusimamisha wewe, bwana, ndiyo maana kinauma."

"Najua."

"Basi kamwambie amefaulu."

"Siwezi." Alikuwa anautazama mkono wake. "Nimeona aibu, mke wangu. Baada ya aibu nikaingiwa na hofu. Mtoto huyu sijawahi kumwachia mtu mimi nikiwa mbali. Hata alipojifunza baiskeli nilikuwa nakimbia nyuma nimeshika kiti, mpaka watoto wenzake wakamzomea. Sasa wewe na yeye mnaingia kwenye shimo lile, na mimi nimeambiwa nibaki."

Nikaushika mkono wenyewe, nikakaa nao.

"Sijasema nimemkataa," akasema baadaye. "Wala sijasema nimemkubali."

Niliporudi ndani nilimpigia simu jirani mwenye pikapu nikamwambia asisumbuke, safari imeshapata gari. Hilo mume wangu hajaambiwa mpaka leo.

Jumamosi asubuhi mbingu zilikuwa safi mpaka mlimani. Mume wangu alisimama mlangoni akitazama barabara ambayo hakuna pikapu iliyokuwa inakuja, akatutazama sisi na mikamba yetu, akaenda kuwasha gari jeupe. Wifi, kwa ajili ya miguu yake, alidai kiti cha mbele, yaani kiti cha mwalimu, akapakata sufuria la mayai. Kila alipojinyoosha alikanyaga breki ya pili. Tulisimama ghafla mbele ya kituo cha mafuta, tukasimama ghafla katikati ya daraja, tukasimama ghafla mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote.

"Dada, miguu," mume wangu akasema.

"Nimeweka mguu tu."

Nyuma binti alikuwa katikati yetu, mkono mmoja kwangu na mwingine kwa kijana, na mkono ule uliokuwa kwangu ulikuwa baridi.

Juu ya korongo maji yanasikika kabla hayajaonekana. Bwana Kamba alifunga kamba zake kwenye vyuma vilivyopigiliwa ndani ya mwamba, kisha akanyoosha kamba moja nyembamba chini, hatua chache kutoka ukingoni, akasema asiyefungwa asiivuke. Mume wangu akashuka kwenye gari, akaja mpaka kwenye ile kamba nyembamba, akasimama. Ncha za viatu vyake ziliigusa lakini hazikuivuka.

Kijana alianza na binti. Akavuta mkanda wa kiuno, akavuta wa paja moja, akavuta wa pili, akaikaza kulabu ya chuma, akatikisa kofia. Akamgeuza, akatazama nyuma. Kisha akaja kwangu akafanya vile vile, bila kuruka kitu, na nilipomwambia wangu uko sawa akanijibu, "Ndiyo mama," akauvuta hata hivyo. Mume wangu alifuatilia kila mvuto. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Na wewe?" akauliza ghafla.

Bwana Kamba akageuka. "Mimi, mzee?"

"Wewe nani anakukagua?"

"Najikagua mwenyewe. Mimi hushuka mwisho, wenzangu wote wanakuwa wameshafika chini."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na hapo katikati, maporomoko yote, uko juu peke yako."

"Ndiyo, mzee. Nimezoea."

Mume wangu akatikisa kichwa. Nikasema moyoni, basi tena, amepata kosa, amemfelisha hapa hapa mbele ya maji. Vidole vya binti vikanibana.

"Njoo hapa," akasema mume wangu.

Kijana akavuka kamba nyembamba, akasimama mbele yake. Mume wangu akamwambia ainue mikono. Akavuta mkanda wa kiuno. Akavuta wa paja moja, akavuta wa pili, akaikaza kulabu, akatikisa kofia, akamgeuza akatazama nyuma. Hakukuta kosa. Akamgeuza tena, akaanza upya tangu kiunoni, polepole zaidi. Hata wifi aliacha kumenya yai.

Alipomaliza alimtazama binti juu ya bega la kijana. "Umeona ninavyofanya?"

"Nimeona, baba."

"Hapa juu nimemkagua mimi. Kuanzia mporomoko wa pili ni kazi yako, kabla wewe hujashuka. Akikwambia amezoea, usimsikilize. Mkwe wangu hashuki bila kukaguliwa."

"Sawa, baba," akasema binti. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikuona haja ya kujificha kwa mtu. Mume wangu akageuka upesi, akarudi kwenye gari, akamwambia dada yake ahamie kiti cha nyuma, na tukasikia injini inawaka kwenda kutusubiri chini.

Kijana alibaki amesimama pale pale, mikono juu, kana kwamba hajaambiwa aishushe.